Simu ya Bima na Simu ya Radhi

Mama yangu hajawahi kumkatia mtu simu. Nasema hivi nikijua uzito wake, maana kazi yangu ni simu. Nina kibanda Ukunda. Nauza betri na chaja, nabadilisha vioo vilivyopasuka, na wazee wengi huja niwafundishe mambo madogo ambayo watoto wao nyumbani hawana subira ya kuwaeleza: namna ya kuongeza sauti, namna ya kuhifadhi nambari, namna ya kumfungia msumbufu asiweze kupiga tena. Hilo la mwisho ndilo linaloulizwa zaidi siku hizi. Mtu yuko jikoni, simu yalia, anakimbia na mikono imejaa unga, kumbe ni mgeni asiyemjua anayetaka kumuuzia kiwanja, au bima, au wimbo wa kuwaimbia wanaompigia. Mimi huwaambia polepole: hukumwalika, hukumkosea, bonyeza kitufe chekundu na uendelee na chapati zako. Mara ya kwanza husitasita. Mara ya pili hucheka. Hakuna aliyewahi kushindwa.

Isipokuwa mama. Yeye alilikataa somo lenyewe.

"Mtu ameniamkia, ameniuliza hali," aliniambia, "nami nimfungie mlango usoni?"

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Katika nyumba zetu za Munje, mgeni ndiye anayeaga. Mwenyeji hamwambii mgeni sasa nenda, hata kama wali unaungua. Mgeni akitosheka husema, "Naomba ruhusa." Mwenyeji humzuia kidogo, ati mbona mapema, kisha humwambia, "Ruhusa unayo." Hapo ndipo mtu huvaa viatu. Mama aliichukua sheria hii akaitia ndani ya simu bila kupunguza chochote. Aliyepiga ni mgeni. Aliyepokea ni mwenyeji. Basi wauzaji wa kila aina walikuwa wakikaa sebuleni kwake, kwa namna ya kusema, wakiulizwa habari za wazazi na za mvua, mpaka wao wenyewe wachoke.

Nilikuwa nikilichukulia jambo hilo kama kichekesho cha nyumbani, mpaka siku ile ambayo mdogo wangu alihitaji radhi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ni baharia kwenye meli za mizigo. Na kwetu baharia haanzi safari mpya bila radhi ya mama yake. Si barua, si salamu za kutumiwa mtu. Ni sauti kwa sauti, siku ileile ya kuondoka: mwana aombe, mama atoe, mwana asikie. Amewahi kuwa na ujasiri wa mambo mengi mdogo wangu, lakini huo wa kupanda meli bila radhi hana, wala sijui mtu wa kwetu aliye nao. Alipoondoka nyumbani aliipata, akiwa amepiga magoti mbele ya mama. Sasa alikuwa katika bandari ya mbali, akihamishiwa meli nyingine yenye safari ndefu, ya kuvuka bahari ambamo kwa muda mrefu mtu haoni nchi kavu.

Alinipigia kibandani kwa simu ya kuazima, maneno yake yakifuatana mbiombio. "Dada, twaondoka kesho. Baada ya adhuhuri ya huko kwenu, wakala wa meli atatuazima simu yake kabla hatujapanda, kila mtu dakika chache. Nitapiga kwa mama. Mwambie asiende popote. Nisipoipata radhi, mimi sipandi."

"Na usipopanda?"

"Basi nimeiacha kazi."

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda Munje. Laini yangu, ambayo Ukunda husikika kama mtu amekaa kando yako, hufa kabisa ikifika kwa mama. Inayoshika pale ni ya mama tu, tena dirishani. Simu yake ni kabambe ya vitufe, na ikiwa inatumika, anayepiga huambiwa ajaribu baadaye. Kwa hiyo njia ya kumfikia mama ilikuwa moja. Tuliswali adhuhuri, mama akakaa kwenye mkeka chini ya dirisha na ukili wake wa kusuka, nikaiwasha spika ili asilazimike kuishika kwa mkono. Tukangoja.

Ikalia. Nambari ngeni. Mama akasema "Bismillahi" na kubonyeza.

"Hello madam, hongera sana!" ilisema sauti ya kijana, nyepesi na ya furaha. "Umechaguliwa kupata ofa yetu ya bima ya mazishi."

Hakuwa mdogo wangu.

"Waambaje?" aliuliza mama. "Hongera ya mazishi?"

"Ndiyo madam."

"Kwani nani amekufa?"

"Hakuna, madam! Ni kujipanga tu mapema."

"Alhamdulillahi. Basi kwanza hujambo, mwanangu? Kwenu hawajambo?"

Kijana alisita. Nadhani kwenye mafunzo yake hakuna aliyemwandaa kwa swali hilo. "Hawajambo, mama," alisema, na ile *madam* ikawa imekwisha.

Nilimpungia mama mkono. Nilionyesha simu, nikaonyesha kusini na kaskazini, kokote ambako bahari ya mdogo wangu ingeweza kuwa. Alinitazama kwa macho ya *najua*, akaendelea kusuka.

Kijana akajikusanya, akaanza kueleza. Ukilipia bima, siku ikifika utaletewa gari, hema, viti, na jeneza zuri la mbao ya kung'aa.

"Sisi huku, baba, mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini," mama alimwambia kwa upole. "Majirani wachimba, wanawake wapika, sanda yanunuliwa dukani. Na jeneza ni la msikiti. Likishampeleka, larudi."

"Linarudi?"

"Larudi."

"Jeneza linarudi, mama?"

"Laenda kungoja mwingine. Hata wewe ukifa huku tutakupa."

Kijana alicheka, kicheko halisi, cha mtu aliyesahau kwamba yuko kazini. Akasema kwao bara walimlaza babu yake mochari mpaka watu wote wa mjini wapate likizo. Mama akamwambia pole ya babu. Akauliza jina la mto wa kwao. Mazungumzo yakawa matamu, na huo ndio uliokuwa msiba wangu. Nikanong'ona, "Mama, kata!" Nilinyoosha kidole kuelekea kitufe chekundu, kile nilichowafundisha wazee wa Ukunda wote.

Mama aliweka kiganja chake juu ya simu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Nikaurudisha mkono wangu. Radhi aliyokuwa akiifuata mdogo wangu kutoka upande wa pili wa dunia ni ileile ninayoishi nayo mimi kila siku. Siwezi kumwokolea mwenzangu yake kwa kuipoteza yangu.

"Mwanangu," mama alimwambia yule kijana, "bima yako sitaitaka, na nimekwambia kwa nini. Nakusikiza kwa moyo mmoja. Lakini nangoja simu ya mwanangu. Yuko bandarini. Ataka radhi kabla hajapanda, na simu ni hii moja."

"Sasa saa hii?"

"Saa hii."

"Kata basi, mama! Kata haraka!"

"Mimi simfukuzi mgeni. Wewe aga, nikupe ruhusa."

Kijana alishusha sauti. "Mama, siwezi. Huku sisi haturuhusiwi kukata. Kastoma ndiye hukata. Nikikata mimi, siku yangu inahesabiwa hasara."

Nafundisha watu simu, na sikuwa nalijua jambo hilo. Nilimtazama mama, nikaitazama ile kabambe. Mwenyeji asiyeweza kufukuza na mgeni asiyeweza kuondoka, kila mmoja ameshikwa na sheria ya nyumba yake. Hakuna aliyekuwa mbaya. Na huko mbali, mbele ya mdogo wangu, dakika zake chache zilikuwa zikiyeyuka.

"Nani atajua ukiaga?" mama aliuliza.

"Kuna msimamizi, mama. Anasikiliza simu zetu. Anaweza kuwa anasikiliza hata sasa."

Mikono ya mama iliacha kusuka. "Kwani hapa tuko watatu?"

"Inawezekana."

"Na hakuniamkia?"

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mwalimu wa simu, sijawahi kumwona mtu mwingine akilifanya. Alijiweka sawa kwenye mkeka, akavuta kanga kichwani kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni mkubwa mlangoni, akaiinamia simu. "Wewe uliyenyamaza," alisema, "asalaamu alaykum."

Hapana jibu. Nilisikia mvumo wa chumba kikubwa, sauti nyingi za mbali zikiwapongeza watu kwa ofa.

Kuitoa salamu ni hiari ya mtu. Kuijibu ni wajibu. Tulifundishwa hivyo chuoni, kwenye madrasa, tukiwa wadogo sana, kabla ya kujua kuhesabu. Lakini nani angeijibu pale? Mtu mwenye vifaa masikioni, ghorofani katika mji ambao mama hajaukanyaga, aliyelipwa ili asisikike. Mama hakuirudia salamu. Aliingoja jibu lake kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba limo njiani.

"Waalaykumu salaam, mama." Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, chini, yenye aibu kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Mackinnon Road, mama."

"Ah! Basi wewe ni wetu."

"Ni wenu, mama." Akaongeza: "Nimesikia yote. Nisamehe kwa kutokuamkia." Halafu akamgeukia kijana, kwa Kiswahili kile kile cha taratibu: "Mwombe mama ruhusa uondoke. Mimi niko hapa, hutaandikwa kitu."

"Nisemeje?" kijana aliuliza.

"Sema: mama, naomba ruhusa."

"Mama," alisema, akitamka kila neno kana kwamba linaweza kuvunjika, "naomba ruhusa."

Niliziba mdomo, kwa kuwa nilimjua mama na nilijua kinachofuata. Na kweli akasema, "Mbona mapema?"

"Mama!" nilipiga kelele.

"Ruhusa unayo, mwanangu," alisema, akitabasamu mara ya kwanza siku hiyo. "Nenda kwa salama. Mola akupe kazi ya kuuza vitu vya walio hai. Na wewe bibi wa Mackinnon Road, ruhusa unayo."

Simu ikanyamaza. Kioo chake kidogo kikazimika.

Sijui tulingoja kiasi gani, sikuangalia saa, niliogopa kuijua. Kuku mmoja alipita mlangoni, akatutazama, akaenda zake. Mama alisogeza midomo bila sauti. Mimi nilikuwa nikimwona mdogo wangu amesimama kwenye gati na begi lake, wenzake wakimpita kupanda, naye hapandi.

Ikalia.

"Mama!" Sauti yake ilifika imechanganyika na vyuma na upepo. "Nimepiga na kupiga, naambiwa yatumika! Wakala ameshaninyang'anya simu, nimemwomba tena kwa kumlilia. Mama, watu wamepanda."

"Nilikuwa na mgeni, baba."

"Mgeni!" alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. "Mama, nipe radhi."

Kati ya neno lake na jibu letu kulikuwa na mwanya, kama mtu anayedondosha jiwe kisimani na kusikiliza. Mama aliusubiri mwanya huo upite. Kisha akasema radhi yake, pole pole, ya mimba aliyoibeba na ya maziwa aliyomnyonyesha, ya usiku aliokesha naye akiwa na surua, ya bahari atakayoivuka na ya nchi atakayoikuta. Nilimsikia mdogo wangu akiitikia amin baada ya kila neno, na kila amin ilifika imechelewa kidogo, hivi kwamba ilikuwa ikiliangukia neno lililofuata.

Nyumbani, radhi ikiisha kutamkwa, mama humpulizia mwana utosini. Nilidhani hilo litaachwa. Mama aliinua simu kwa mikono miwili, akatafuta kile kitundu kidogo cha kuingizia sauti, akakipuliza mara moja, kwa pumzi ndefu na laini.

Mimi nazifungua simu hizi kila siku. Naweza kukueleza, na ningefurahi kukueleza, kwamba nyuma ya kitundu kile kuna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Pumzi ikiupiga hutikisika, mtikisiko hugeuka umeme, umeme hurushwa mnarani, na kutoka mnarani hadi nyaya zilizolala chini ya bahari yenyewe. Nalijua hilo lote, na kulijua hakukunipunguzia kitu. Nilikaa kwenye mkeka ule nikiisindikiza pumzi ya mama kila hatua ya njia yake.

Mwanya ukapita.

"Imefika," alisema mdogo wangu. Nyuma yake mtu alikuwa akimwita kwa lugha nisiyoijua. "Mama, imefika. Naomba ruhusa."

Safari hii mama hakumzuia hata kwa neno moja.

"Ruhusa unayo, baba. Panda."