Siku Kina Mama Walipoikalia Droo

Trela letu tulilinunua kuukuu, na nililipenda kabla sijatia mguu ndani. Lina vitanda, jiko, choo, na lile jambo lililonimaliza kabisa: ukibonyeza kitufe, upande mmoja wa sebule unatoka nje wenyewe, pamoja na sofa na meza yake, na nafasi inaongezeka. Nyumbani kwetu tunauita droo. Ukitaka kusafiri unabonyeza tena, nayo inarudi ndani. Droo ikiwa nje, trela haliwezi kuvutwa barabarani.

Mama yangu alikuja kututembelea Oxon Hill, hapa Marekani, akitokea Tanga. Yeye ni mzaliwa wa Lushoto, na haikuchukua muda akatuchoka. "Mwanangu, umenionyesha maduka mpaka miguu imevimba. Hivi nchi hii haina milima?" Nikamwahidi milima ya Virginia. Nikaomba ruhusa kazini, nikapewa Jumamosi na Jumapili basi. Jumanne mama alikuwa anarudi nyumbani, na kwa umri wake na magoti yake, sote wawili tulijua kwamba hatakuja tena. Hatukulisema.

Ijumaa mchana kina mama wa pwani wanaoishi jirani walikuja kulisomea trela dua, maana mtu halali ndani ya kitu kipya kwake ambacho hakijasomewa. Walikuja na vitumbua na chupa za chai, wakajipanga kwenye sofa na kwenye viti vya meza, bega kwa bega, mama yangu katikati. Na hao si watu wembamba. Wote walikuwa wamekaa ndani ya droo. Dua ikasomwa, chai ikamiminwa, ndipo mama akasema, "Haya, hebu nilione linavyojikunja."

Sasa mimi niseme nini? Nilijua kabisa kwamba droo haitembezwi na watu juu yake. Lakini unamwambiaje mama yako mzazi, ametulia na kikombe mkononi, hebu inuka? Na wale wengine, ambao kila mmoja ni mama kwangu? Sikulelewa hivyo. Nikasema bismillah, nikabonyeza.

Droo ilijitahidi, maskini. Ilisogea ndani kiasi cha kiganja, kina mama wakapiga vigelegele na kushikana mikono, chai ikamwagika. Kisha chini yetu kukasikika ta! na ta! nyingine. Droo ikasimama, mota ikabaki inaunguruma peke yake.

"Ndiyo imefika?" mama akauliza.

Nilitoka nje nikicheka huku moyo umenishuka. Kesho asubuhi ndiyo safari, na trela limechomoza ubavu. Nikavaa koti la mume wangu juu ya dera langu, nikajilaza uvunguni. Mota ilikuwa nzima. Inazungusha ufito mrefu wa chuma, na ufito huo ndio unaovuta droo kwa pande zote mbili. Kila upande umeshikwa na bolti moja, nene kama kalamu. Zote mbili zilikuwa zimekatika.

Mume wangu alichutama pembeni pamoja na jirani yetu, Mkenya ambaye hakosi neno.

"Hizi bolts ni weak, dada," jirani akasema. "Wacha nikuletee zile za steel ngumu. Ukiweka hizo, hazitawahi break tena."

"Kweli, tuweke za kudumu," mume wangu akaitikia.

"Hizi zimewekwa ili zivunjike," nikawajibu kutoka chini. "Mota imepona kwa sababu zenyewe zimekubali kukatika. Mkiweka ngumu, siku nyingine itakufa mota."

"Kwani nani atawakalisha kina mama hapo tena?" mume wangu akauliza.

"Mimi. Najijua."

Wakacheka. Jirani akachukua vipande vya bolti vilivyodondoka, akawasha pikapu kwenda Landover kwenye duka la vipuri vya trela, kabla halijafungwa. Mimi nikabaki nagonga mabaki yatoke kwenye matundu. La kwanza lilitoka bila ubishi. La pili likagoma, na kina mama, waliokwisha kuhamia kwenye viti vya nje, wakaanza kunipa maelekezo, mmoja akatoa kwenye mkoba mafuta ya nazi ya nywele. Nikapaka, nikagonga, likatoka. Mpaka leo anatamba kwamba fundi alikuwa yeye.

Jirani akarudi na bolti za aina ileile, na za akiba juu. Yeye na mume wangu wakaisukuma droo kwa mabega, taratibu, mpaka matundu yakaoana. Nikapenyeza bolti moja, nikapenyeza ya pili, nikakaza nati. Nilitoka uvunguni na majani kichwani, nikapanda ngazi mbio kwenda kwenye kitufe.

Mama alikuwa amerudi kwenye sofa. Na chai mpya.

Nilisimama, kidole juu ya kitufe. Kina mama walikuwa wamejazana mlangoni, wananitazama.

"Mama," nikasema. "Inuka."

Mama akaniangalia, akaiangalia sofa, akaelewa.

"Kumbe ndiyo maana ilivunjika? Ulinionea haya?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, mimi nina masikio. Niambie!" Akanipa mkono, nikamsaidia kusimama, na droo ikaingia ndani kwa utulivu.

Milimani alikaa nje asubuhi nzima amejifunika blanketi. Alisema ukungu wa Lushoto ni mzito zaidi, lakini akakataa kuingia ndani. Nilifurahi hadi nikasahau njaa. Tulipofunga safari ya kurudi, alikwenda mwenyewe kukaa kwenye sofa, akanisubiri kwa makusudi. "Niambie," akasema. Nikamwambia, akasimama kikakamavu kama askari, tukacheka wote.

Jumanne, uwanja wa ndege, tuliketi kwenye benchi karibu na foleni ya ukaguzi, kiganja chake ndani ya changu, tukizungumzia vitumbua. Mume wangu aliitazama saa, akanitazama mimi. Nami nikaendelea na habari za vitumbua. Mama akanigeukia.

"Niambie," akasema.

"Mama, inuka."

Akainuka, anacheka.