Siku Muema Alipoiweka Pikipiki

Mvua za mwaka wa tisini na saba zilipoanza kunyesha Ekalakala, Henry Muema aliwaambia watu kwamba pikipiki yake anaiweka mpaka ardhi ikauke. Hakuna aliyeuliza zaidi. Barabara zilikuwa zimegeuka uji. Vijito ambavyo mwaka mzima huwa mchanga mtupu vilikuwa vinashuka na magogo, na malori ya kwenda Matuu yalinasa hata siku mbili. Mtu yeyote mwenye akili angeiweka pikipiki.

Lakini Muema hakuwa anaogopa matope.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mrefu, si msemaji. Alikuwa afisa wa mifugo wa serikali hadi walipopunguzwa kazi, na kwa malipo yake ya kustaafu akanunua pikipiki nyekundu iliyokwisha tumika. Tangu hapo alijifanyia kazi mwenyewe. Alichanja ndama, alizalisha ng'ombe waliokwama, alihasi mafahali. Sanduku la barafu lenye chanjo alilifunga nyuma ya kiti, akafika hata upande wa Masinga. Watu walimwita daktari, naye hakuwakataza.

Mwezi wa tisa, akitoka Matuu kuchukua chanjo, alisikia harufu ya mpira unaoungua. Ilikuwa saa sita mchana. Akapunguza mwendo ili aangalie gurudumu. Hapo ndipo kumbukumbu yake ilipokatika. Alipozinduka alikuwa amelala ubavu chini ya kichaka cha miiba, kinywa kimejaa damu, suruali imelowa, pikipiki iko mtaroni na chupa za chanjo zimetapakaa kwenye mchanga wa moto. Jua lilikuwa limehamia upande mwingine. Nyumbani alimwambia mkewe, Mutanu, kwamba mbuzi alimkatia njia.

Wiki mbili baadaye alikuwa nyuma ya nyumba akinyoa ndevu. Ikaja harufu ile ile. Alipopata fahamu sabuni ilikuwa imemkaukia shavuni, na wembe uko kwenye majani hatua moja kutoka shingoni mwake.

Basi akajua. Alikuwa amewahi kuuona ugonjwa huo. Mutua, mtoto wa baba yake mkubwa, alikuwa na kifafa. Kikombe chake kiliwekwa peke yake, na siku aliyoangukia motoni watu walisimama mbali wakipiga kelele, kila mmoja akiogopa povu la kinywani mwake lisimguse. Muema alikuwa na miaka minane siku hiyo. Naye alikimbia na wenzake.

Kuanzia siku ile ya wembe kila alipopanda pikipiki alikuwa ananusa. Alinusa moshi wa malori, alinusa mashamba yanayochomwa, na kila mara alisogea kando akasimama mpaka harufu ipite. Aliwaona watoto wa shule kandokando ya barabara akawaza: kama ni hapa? Kwa hiyo mvua ilipokuja kubwa namna ile aliipokea kama mtu aliyepewa ruhusa.

Ijumaa aliiosha pikipiki, akaikausha kwa kitambaa, akapaka cheni mafuta. Akawasha injini kidogo ipate joto, akamwaga oili ya zamani, akatia mpya. Jumamosi asubuhi akaiingiza kwenye kistoo kilichoungana na jiko la nyumba, mlango wa kati ukiwa hauna hata pazia. Akafungua betri, akaenda kuiweka chumbani juu ya ubao. Akatoa plagi, akadondosha kijiko cha oili kwenye tundu lake, akapiga kiki polepole mara mbili ili oili ienee ndani, kisha akairudisha plagi. Akaziba bomba la moshi kwa kitambaa nyigu wasije wakajenga humo. Akaiinua juu ya matofali, magurudumu yasikae chini.

Ilibaki petroli. Ikikaa miezi mingi huharibika, ikaganda kama gundi ndani ya kabureta. Alikuwa amepanga kuimwagia nje, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati kama mawe.

"Mama Mwikali," aliita, "hilo jiko lako la makaa liko wapi?"

"Liko huku kwa kona, niko na muthokoi juu yake," Mutanu alijibu. "Nilitoe?"

"Wacha. Nitafanya haraka."

Siku nyingine asingesema hivyo. Alichomoa mpira wa petroli, akauelekeza kwenye beseni, akafungua koki. Petroli ikaanza kutiririka. Beseni lilipojaa nusu akasikia harufu ya mpira unaoungua.

Kwanza alidhani mpira wa petroli umegusa injini yenye moto. Akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi kabisa.

Alitaka kufunga koki. Alitaka kumwita Mutanu. Alikumbuka baadaye kwamba alifungua kinywa.

Mutanu alisikia beseni likigonga sakafu. Alidhani limemponyoka, akangoja amsikie akilaani. Hakusikia kitu ila mvua, na sauti ya visigino vikipiga saruji. Alipochungulia alimwona mumewe chini, amekakamaa, macho yamegeuka meupe, shati lote limelowa petroli. Petroli yenyewe ilikuwa inakimbia sakafuni kufuata mteremko, imekwisha kuvuka kizingiti, inakuja jikoni. Makaa yalikuwa mekundu.

"Ngai wakwa! Mungu wangu!"

Miguu yake ilitaka kwenda kwa Muema. Aliipeleka kwa jiko. Hakutafuta kitambaa, kwa kuwa hakukuwa na muda wa kutafuta kitambaa. Alilishika kwa mikono mitupu, sufuria ya mahindi ikiwa bado juu, akatoka nalo mlangoni akalitupa kwenye mvua mbali kadiri alivyoweza. Makaa yalilia kwenye matope. Ndipo aliposikia maumivu, na ndipo alipopiga kelele, lakini alikuwa tayari anarudi ndani.

Shuleni alikolala bweni kulikuwa na msichana aliyeanguka hivyo, na matroni aliwafundisha la kufanya. Mutanu alifunga koki kwa kiwiko. Akamgeuza Muema ubavu, akamwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Hakumtia kitu kinywani. Akaketi katikati ya ile petroli, viganja vyake vimeanza kuvimba, akimwambia, "Niko hapa, Baba Mwikali, niko hapa," ingawa alijua hasikii.

Muema alipozinduka kitu cha kwanza alichoona ni mikono ya mkewe.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Umeanguka."

"Ni mara ya kwanza," alisema haraka. "Ni hii harufu ya petroli, imenipanda kichwani."

"Si mara ya kwanza."

Muema aliinua kichwa kutoka kwenye kanga.

"Ile siku ya mbuzi," Mutanu alisema, "ulirudi na ulimi umekatika kando. Mbuzi haumi mtu ulimi. Na suruali ulifua mwenyewe. Tangu tuoane hujawahi kufua suruali."

"Na ukanyamaza?"

"Niliogopa. Niliona nikisema itakuwa kweli."

Muema akaanza kulia. Alilia kama mtoto, akirudia jina la Mutua, na Mutanu hakuelewa ni kwa nini mpaka alipomweleza habari ya moto ule na jinsi alivyokimbia.

Walifungua madirisha, wakasugua sakafu kwa maji na sabuni. Kazi iliyobaki Muema aliifanya huku mkewe ameketi kwenye kigoda anamtazama, mikono ndani ya bakuli la maji baridi. Akaisogeza pikipiki barazani akamalizia kutoa petroli, akairudisha juu ya matofali, akaufuta mpira, akaifunika pikipiki kwa shuka kuukuu, akatoka akafunga mlango wa nje kwa kufuli.

Walifika hospitali mjini Machakos baada ya siku nne, barabara ilipopitika. Muuguzi alimsafisha Mutanu viganja akavifunga. Tabibu, mwanamume wa makamo aliyeongea polepole, alimwandikia Muema vidonge vya kumeza kila usiku bila kuruka hata siku moja.

"Pikipiki ni hapana," alisema. "Mpaka umalize mwaka mzima hujaanguka. Ukianguka, tunaanza kuhesabu upya."

"Nikianguka mbele ya watu?"

"Utaanguka mbele ya watu. Waambie mapema cha kufanya. Ugonjwa huu hauambukizi."

Ilikuwa kama alivyosema. Mwezi wa kumi na mbili Muema alianguka sokoni, karibu na wauza mihogo, na watu wakasimama mbali. Ni Mutanu peke yake aliyepiga magoti. Baada ya hapo nyumba tatu zilizokuwa zikimwita zikatafuta mtu mwingine. Mzee mmoja alimwambia waziwazi kwamba hawezi kumwachia ng'ombe wa mahari mtu ambaye anaweza kuanguka na sindano mkononi. Wengine waliendelea kumwita, naye aliwaendea kwa miguu. Alipoteza hamu ya chakula karibu yote, akakonda. Kila usiku alimeza kidonge kisha akalala akisikiliza mwili wake.

Mwaka ukapita, kisha miezi miwili zaidi, bila kuanguka. Mapema mwaka wa tisini na tisa tabibu alimruhusu. Muema alifungua kistoo, akatoa kitambaa kwenye bomba, akarudisha betri iliyokwisha kuchajiwa, akatia petroli mpya. Injini ilishika kwa kiki ya nne. Alikaa juu ya kiti kwa muda mrefu, ikinguruma chini yake. Kisha akaizima.

"Siwezi," alisema. "Nimeruhusiwa, lakini siwezi."

Mutanu alikuwa kando yake. Viganja vyake vilikuwa vimepona, ngozi imebaki laini yenye kung'aa, na vidole viwili vya kushoto havikunjiki vizuri.

"Basi nifundishe mimi," alisema.

Alimfundisha kwenye uwanja wa kanisa, jioni kwa jioni. Mutanu alianguka kwenye mkonge, alichubuka goti, wanawake wa kwaya walicheka mpaka wakashika mbavu. Vile vidole viwili vilichelewa kwenye klachi. Mwezi wa nne alisema yuko tayari kwenda Matuu peke yake, kwenye duka la dawa za mifugo la Zaituni, kuchukua chanjo ya ndama wa kina Wambua.

Alitoka saa mbili asubuhi. Muema alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Alijaribu kupalilia akashindwa, akajaribu kuchemsha sindano akazisahau motoni mpaka maji yakakauka. Kila injini iliyosikika mbali ilimsimamisha. Aliona mtaro, aliona lori, aliona chupa kwenye mchanga. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua alikuwa ameogopa asubuhi nzima bila kujiwazia mwenyewe hata mara moja.

Saa sita kasorobo alikuja, amejaa vumbi hadi kope, sanduku la barafu limefungwa vizuri nyuma.

"Zaituni anakusalimia," alisema akishuka. "Anauliza nani amemfundisha mke wako ukaidi."

Muema alimshika viganja vyote viwili, akavigeuza, akavitazama kama anatafuta jeraha. Kisha akalichukua sanduku, akaanza safari ya miguu kwenda kwa Wambua kabla barafu haijayeyuka.