Mpaka Mwaka Uishe

Baba yangu, Methusela, alikuwa hakiamini kitu chochote cha dukani, na sukari ndiyo aliyoishuku kuliko vyote. Pale dukani Kabungu alikuwa akiomba punje kidogo, anazikoroga kwenye kikombe cha maji, kisha anakaa kwenye benchi kusubiri mchanga utuame. Usipotuama, alisema safari hii wameusaga vizuri. Mwenye duka alishamchoka, lakini utamfanya nini mzee wa watu?

Asali alikuwa nayo yake mwenyewe. Kurina ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana, na mizinga yake ya magome ilitundikwa porini alikokujua yeye peke yake. Sisi watoto wake tulilambishwa asali siku tuliyozaliwa, kabla hata ya titi la mama. "Na wote mpo," alikuwa akisema, kana kwamba hiyo inamaliza mjadala.

Mimi nimemrithi tabia, tena nimemzidi. Yeye alishuku vitu, mimi nilishuku watu. Kaka yangu Osward alipomwoa Séverine, binti wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, akatuachia sisi na kurudi kazini Tabora, nilianza kumchunguza yule wifi siku ya kwanza. Mama yake alipokuja kumtembelea wakaongea Kirundi na kucheka, nilijua ninasengenywa. Leo nadhani walikuwa wanacheka mambo yao tu, lakini wakati ule nani angeniambia nikamsikia?

Mwaka 1996, mwezi wa saba, Séverine alijifungulia kwao. Alirudi Novemba na mtoto wa miezi minne, mnene, jina lake Yotham, la babu yetu. Baba alikuwa akimsubiri na kibuyu mkononi. Alichovya kidole, akamsogelea mtoto kabla hata mama yake hajaketi. Séverine akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, Baba. Unisamehe. Nesi amekataza asali. Alisema mpaka mwaka uishe."

"Nesi gani?"

"Wa kliniki, kule kwetu."

"Asali yangu ina nini?"

"Sijui, Baba. Ndivyo alivyosema."

Baba alibaki amenyoosha kidole, asali inamdondokea kwenye kiatu. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Mtu amelisha watoto asali miaka yote, leo anaambiwa na mtu asiyejua hata nyuki analala wapi! Lakini Baba hakubisha. Alilamba kidole chake, akaingia ndani, akasimama kitambo mbele ya kalenda ya chama cha tumbaku iliyokuwa ukutani. Nilidhani anahesabu siku za kwenda porini.

Kuanzia hapo mtoto alikunywa uji mweupe usio na kitu. Asali imekatazwa na nesi, sukari imekatazwa na Baba. Mimi nikajiuliza: mbona anaumaliza? Sikuamini kwamba mtoto anaweza kufurahia uji usiokuwa na ladha. Nikaanza kuchungulia.

Asubuhi moja ya Desemba, kupitia ufa wa ukuta wa jikoni, nilimwona Séverine akichomoa kikaratasi kwenye pindo la kitenge. Alikifungua, akamimina unga mweupe kwenye kikombe cha mtoto, akakoroga haraka akitazama mlangoni, halafu akalamba kidole. Dawa! Mtu anayelamba sumu ni nani? Swali hilo sikujiuliza. Wala sikumwuliza mwenyewe. Nililiweka tu moyoni, likawa linakua.

Januari ikaingia na palizi yake. Mimi na Séverine tulikuwa tunaondoka asubuhi kwenda shamba, na mtoto anabaki na Baba, kwa kuwa goti lake lilikuwa halimruhusu kushika jembe. Séverine aliacha uji tayari, akirudi ananyonyesha.

Baada ya wiki mbili hivi mtoto alibadilika. Kwanza siku nne bila kupata choo. Tukasema ni tumbo tu. Kisha kilio chake kikawa kidogo, kama cha paka mchanga. Kope zikawa nzito, titi analishika halivuti. Jumatatu nilipombeba, shingo ililegea mkononi mwangu.

Hapo niliamini nimekwisha jua. Kabla hatujapata usafiri wa kwenda hospitali mjini Mpanda, nilikaa nikamwandikia Osward: mkeo anamtilia mtoto unga mweupe kwenye uji kwa siri, nimemwona kwa macho yangu, njoo umwokoe mwanao. Barua nikampa mtu aliyekuwa anawahi treni. Nilijiona shujaa.

Hospitalini daktari alimgeuza mtoto huku na huku, akamfunua kope, akatuuliza sisi watatu, mimi, Séverine na Baba:

"Mtoto amekula nini tofauti na maziwa?"

Séverine ndiye aliyeanza. Machozi yalimtangulia.

"Ni mimi, daktari. Nilimtilia sukari, kidogo kidogo. Mama yangu aliniletea. Nilificha kwa sababu Baba haipendi."

Sukari. Niliangalia sakafu. Barua ilikuwa imeshapanda treni ya Tabora.

"Sukari hahitaji," daktari alisema, "mtoto mdogo mpondee ndizi mbivu inatosha. Lakini sukari haimlegezi hivi. Kitu kingine je?"

Baba akavua kofia.

"Na asali. Kijiko kila asubuhi, tangu tarehe moja Januari."

"Baba!" Séverine alipiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. "Si nilikuambia? Nilikuambia mpaka mwaka uishe!"

"Si uliisha, mwanangu?" Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilisubiri. Desemba yote sikumpa hata tone. Mwaka ulipoisha ndipo nikampa."

Mwaka alioutaja Séverine ulikuwa wa mtoto, alioutii Baba ulikuwa wa kalenda. Daktari ndiye aliyetufafanulia: mtoto hapewi asali mpaka atimize miezi kumi na miwili, kwa sababu hata asali safi inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Alisema hana kipimo cha kuthibitisha, ila dalili zote zinaelekea huko. Mtoto akawekewa mpira puani wa kumlishia. Muuguzi akatuambia tuhesabu anavyopumua, akipunguza tu tuite.

Tulihesabu. Séverine alikaa upande mmoja wa kitanda, Baba upande wa pili, na siku hiyo nzima sikumsikia akimlaumu mzee tena. Mara moja alimpa chai yake.

Siku ya nne Osward aliingia wodini, barua mkononi. Hakumsalimia mtu. "Unga gani mweupe, dada?" aliniuliza. Séverine alinyoosha mkono akaichukua, akaisoma polepole akifuata maneno kwa kidole, Kiswahili chake cha kusoma kilikuwa bado kizito. Alipofika mwisho aliikunja vizuri.

"Wifi," alisema, "mbona hukuniuliza?"

Nilisema nilikuwa na wasiwasi na mtoto. Ni kweli nilikuwa nao. Lakini haikuwa jibu, na sote tulijua.

Yotham alipona. Ilichukua karibu mwezi mpaka avute titi kwa nguvu, na shingo ikakaza. Séverine amezaa wengine watatu tangu hapo, wote pale pale nyumbani kwetu, na wote amemwachia Baba awalee anapokwenda shamba. Anamtajia tarehe kamili ya asali, mwezi na siku, na mzee anaifuata bila kukosea. Baba ndiye aliyemtia mtoto asali kinywani, na anaaminiwa. Mimi sikutia kitu chochote. Nimeolewa jirani, naingia pale nitakavyo, na wifi ananikaribisha vizuri kabisa. Lakini nikiingia jikoni wakati wa uji, anafunika kikombe cha mtoto kwa kiganja, huku akiniuliza habari za nyumbani.