Kutafuta Makala Kama Ngamia Aliyepotea

Mwanangu, mambo mengi ya miaka ile ya tisini yamenitoka kichwani, lakini asubuhi moja ya Lodwar imenikaa moyoni hata leo. Nilikuwa mwalimu kijana, msichana mwenye haraka na maneno mengi, nimesimama katika ofisi ya elimu mbele ya afisa aliyetaka kulifunga darasa langu.

Darasa lenyewe lilikuwa Kakuma, kando ya laga, ule mto unaokauka mvua ikiisha. Watoto wachungaji walikuja adhuhuri, mbuzi wakishakunywa maji na kulala kivulini, wakasoma mpaka mbuzi wainuke. Afisa hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Swali lake lilikuwa la haki.

"Mwalimu, hii shule ya saa ya mbuzi imefanywa wapi ingine, ikafaulu? Niletee maandishi kabla kamati ikae. Bila hiyo, hao watoto waende shule ya kawaida kama wengine."

Nilijua hawangeenda. Nani angewachunga mbuzi? Nikatoka na hasira zangu, nikitaka kuubamiza mlango, ukanikatalia. Ulikuwa umezuiliwa na rundo la majarida mekundu ili upepo usiupige. Nikayasukuma kwa mguu, nikaenda zangu kutafuta basi la Kakuma.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kulikuwa na maktaba ndogo ya walimu, na kompyuta iliyosoma visahani vya CD vyenye muhtasari wa makala za elimu kutoka nchi nyingi. Msimamizi wake alikuwa Mama Keji, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mkutubi tangu ujana wake. Mtu mpole, lakini ukifanya kazi ovyo alikuambia hapo hapo.

Nikaandika "Turkana". Nikaandika "Kakuma". Nikaandika kwa Kiingereza "shule ya saa ya mbuzi". Kila mara kompyuta ikajibu kwamba hakuna kitu.

"Mama, hakuna mtu aliwahi andika," nikasema. "Darasa yangu imeisha."

Hakunibembeleza. "Ejok, mwalimu," alisema, akinisalimu upya kwa Kiturkana kana kwamba ndiyo kwanza naingia. "Ngamia ya baba yako ikipotea, ikaenda mbali kwa watu hawakujui, unauliza nini? Unataja jina yake?"

"Hapana. Nataja rangi, vile masikio imekatwa, na chapa ya ubavu."

"Kwa nini?"

"Jina ni ya nyumbani kwetu. Alama kila mchungaji anaona."

"Basi hapa umeita ngamia jina ya nyumbani asubuhi yote, halafu unasema imekufa."

Alinipata barabara. Akafungua kitabu kinene cha maneno ambayo wapangaji wa makala zile walikubaliana kuyatumia. Humo watoto wetu waliitwa watoto wa wafugaji wanaohamahama, na ile saa ya mbuzi ilikuwa ratiba ya shule inayobadilika. Tulipoandika hayo, kioo kikajaa: wafugaji wa jangwani, wa milimani, hata wa nchi za theluji. Machozi yalinitoka, mwanangu. Nilikuwa nimejiona peke yangu kwa muda mrefu, kumbe sivyo.

Akanionyesha na jambo jingine. Chini ya kila muhtasari kuna maneno yaliyotumika kuupanga. Uyachukue, utafute nayo tena. Na mwishoni mwa makala kuna orodha ya maandishi aliyoyasoma mwandishi, nayo uifuate kama nyayo mchangani.

"Lakini hii ni muhtasari tu," alinionya. "Usipeleke kwa kamati kitu hujasoma."

Makala iliyofanana zaidi na darasa langu ilikuwa katika jarida fulani. Mama Keji akalisoma jina lake kwa sauti. Jina lile nilikuwa nimeliona kwenye majalada mekundu, chini ya kiatu changu.

Nikarudi Lodwar.

"Umepata maandishi?" afisa akauliza.

"Nimepata. Iko hapo kwa mlango yako."

Nikapiga magoti, nikapangusa vumbi na kulichomoa toleo lenyewe. Mlango ukapigwa na upepo nyuma yangu, tukashtuka wote wawili, kisha nikamsomea nikiwa pale pale sakafuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Soma tena hapo kwa ratiba," akasema, akivuta kiti karibu.

Kamati ililiacha darasa liendelee.

Mwanangu, leo simu yako inabeba maktaba kubwa kuliko ile ya Mama Keji, na bado nakusikia ukilalamika kwamba hakuna aliyeandika juu ya jambo unalotafiti. Uliza kwanza kwa maneno ya wengine. Mwone mkutubi mapema, usione haya. Soma makala yenyewe, maana muhtasari haukutoshi. Na kabla hujaenda mbali, tazama rafu za nyumbani, hata kinachozuia mlango. Nawe ukiandika lako, liwekee alama ambazo mgeni atazijua. Nilipoandika habari za darasa la laga, Mama Keji aliniuliza swali moja tu: "Mwingine atatafuta hii kwa maneno gani?" Tukakaa tukayachagua pamoja.

Nenda basi, mwanangu. Akuj, Mungu wetu, akupe maji na kivuli popote utakapofika, na kazi yako imfikie mwalimu usiyemjua, aliyeketi mahali akidhani yuko peke yake.