Jeddah Tano Hadi Vancouver

Mama yangu amepanda ndege kwa safari moja tu maishani, ya kwenda Hija. Tangu hapo umbali wowote wa ng'ambo anaupima kwa safari ile: Dar es Salaam hadi Jeddah ni Jeddah moja. Binti yangu alipopata nafasi ya kusoma Vancouver, kule Kanada, Mama hakuuliza habari za ada wala baridi.

"Ni Jeddah ngapi?"

Nilichukua rula nikapima kwenye ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani. "Sita, Mama."

"Basi haendi. Swala zangu ni tano kwa siku. Kila swala namvusha Jeddah moja. Hiyo ya sita atavushwa na nani?"

Nilidhani ni utani. Haukuwa. Na binti naye alisema wazi kwamba bila dua ya bibi yake hapandi ndege.

Hesabu nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na baadaye kwa simu. Usiku ule nikakumbuka kwamba dunia ni mviringo, na ramani ya ukutani huitanua kadiri unavyokwenda kaskazini. Asubuhi nikachuma kabichi iliyokaa duara kuliko zote. Kikonyo kikawa ncha ya kusini, uzi niliouzungusha katikati ukawa ikweta. Nikachomeka njiti za kiberiti mahali pa viwanja vitatu vya ndege, kwa kufuata latitudo na longitudo.

"Kabichi ya kuuza hiyo!" Mama alisema. "Nani atanunua yenye matundu?"

"Subiri kidogo, Mama."

Rula ilikuwa imekata bahari ya Atlantiki. Uzi nilioukaza juu ya kabichi ulishika njia nyingine kabisa: ulipanda juu ya Misri, ukavuka Ulaya, ukapita si mbali na ncha ya kaskazini, ukashukia Kanada. Nikakata uzi mfupi wa Jeddah moja na kuupanga juu ya ule mrefu. Mara nne uliingia wote. Mara ya tano ukazidi. Kikokotoo cha simu kikakubali: kilomita elfu kumi na tano na kidogo, yaani Jeddah nne na karibu robo tatu.

"Hazifiki tano, Mama. Na ndege itatua Ulaya, ambayo iko njiani."

Alishika uzi mfupi, akapima mwenyewe, mara mbili. Kisha akacheka hadi mtandio ukamteleza.

"Akipumzika yeye huko Ulaya, na mimi napumzika. Kile kipande kitakachobaki kwenye Isha, swala ya tano, nitaombea magoti yangu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Bibi, na safari ya kurudi je?"

"Ya kurudi utaanza kuomba wewe kutoka huko. Mimi nitaanza hapa. Tutakutana njiani."