Nta Nyuma ya Kopo

Mume wangu Fathallah amepiga pasi nguo za mtaa wetu hapa Zagazig miaka thelathini na moja. Pasi yake ni ya chuma, ya kupashwa moto juu ya jiko, na maji huyajaza kinywani akayapuliza juu ya nguo. Kwa nguo huwajua watu. "Huyu kalala kwenye kiti," husema. "Mkewe kamnunia."

Mimi ugonjwa wake niliujua hivyo hivyo, kwa nguo. Alipuliza maji juu ya kanzu nyeupe ya mwalimu, nikaona doa jekundu la damu.

Tulimwambia ni baridi ya mapafu. Kwetu mgonjwa hatajiwi saratani. Daktari Nermin aliniambia mimi, mlango umefungwa.

"Mama Nagwan, ipo dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na uvimbe. Lakini haimfai kila mtu. Kwa wengine kinga ikiamka huwageukia wenyewe. Kwa hiyo natafuta kwanza alama kwenye nyama ya uvimbe. Nikiiona, nitampa. Nisipoiona, sithubutu."

Akanikabidhi kipande cha nta, kidogo kuliko kiberiti, katikati kina kitu cha kijivu kama punje ya dengu.

"Nyama yote tuliyo nayo ni hiyo, tumeihifadhi ndani ya nta. Pafu lake halistahimili kuchomwa tena sindano ya kutoa nyama. Kesho ipeleke maabara, Kairo."

Nilipita kwenye duka la mume wangu kumpa chakula. Fathallah hupekua mkoba wangu akitafuta sigara ninazomnyima, basi nta nikaificha pale dukani, nyuma ya kopo la sabuni. Nikaenda kununua mkate. Foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi alikuwa akiimba kwa sauti iliyokwaruza.

"Leo umenikumbuka, bibie. Hii nta uliyoniletea ni safi. Tazama pasi inavyoteleza."

Wapiga pasi wote huisugua pasi kwa nta. Miaka yote hiyo, mshumaa humnunulia mimi.

"Katikati palikuwa na kitu?" nikauliza.

"Uchafu. Nimeutupa kwenye moto wa jiko." Akacheka, kikohozi kikamkata. "Mbona umekaa chini? Nta tu hiyo, mama."

Nikamwambia. Nilianzia kwenye kanzu ya mwalimu, nikaishia kwenye punje ile.

Nilipomaliza alichukua bilauri, akajaza maji kinywani, akainama juu ya shati la watu. Hakupuliza. Alisimama hivyo, mashavu yamevimba, akilitazama jiko.

Kisha akayameza.