Jina la Nne la Baa ya Kona

Baa ya pale kona ilibadilisha majina kuliko tapeli, na majina yote tisa yaliandikwa na mkono mmoja. Mkono wenyewe ulikuwa wa fundi wa vibao ambaye mtaa mzima, hadi watoto wa chekechea, walimwita Mzee Rangi. Mwenye baa akiuza, anayenunua huja na jina lake, na Mzee Rangi huitwa na ngazi yake. Kukwangua ubao hakukwangua hata siku moja. Jina jipya alilipaka juu ya la zamani, miaka nenda miaka rudi, mpaka ubao ukanenepa ukataka misumari ya ziada.

Kila jina lilikuwa na kisa, na ole wako umuulize ukiwa na haraka. "Kisima Hakikauki" iliishiwa bia wiki ya pili tu. "Jirani Mwema" ilishtakiwa na majirani kwa makelele. Mwenye "Tupo Daima" alihama baada ya miezi miwili, na mpaka leo hajulikani aliko. Mzee Rangi akisimulia hayo hucheka mpaka ashike mbavu, na wanaomsikiliza hucheka kwa vile anavyocheka yeye.

Safari hii aliyeinunua alikuwa dada mmoja, mpishi wa hotelini aliyeacha kazi ajitegemee. Kibao chake kilikuja kimeshachapishwa, tena cha taa. Mzee Rangi alipokiona kinapandishwa alinywea, akabeba ngazi yake aondoke. Yule dada akamwahi mlangoni.

"Mzee wangu, unakwenda wapi? Ukuta wa ndani nataka uniandikie majina yote ya zamani, kwa mpangilio wake, yote tisa. Ila likikosekana moja, heri niache, maana wateja wa hapa watanicheka."

Weee! Mzee Rangi alisahau magoti yanayomuuma. Siku hiyo hiyo alipanda ngazi, akaandika la kwanza, la pili na la tatu huku akipiga mbinja, na wateja wa zamani wakamzunguka kila mmoja akijifanya msimamizi. Hapo ndipo kinyozi, mtu asiyeweza kuona kidonda asikitie kidole, akauliza kwa upole wa kinafiki:

"Na la nne je, fundi? Hebu andika tuone."

Mwashi aliyekaa naye alipaliwa na bia, ikabidi apigwe mgongoni.

Walikuwa na sababu. Miaka arobaini nyuma Mzee Rangi alikuwa kijana asiye na kitu ila brashi, na alikuwa amezama katika mapenzi ya binti wa fundi cherehani. Baba mtu alimwita bintiye Kipusa, na mtaa ukamwita hivyo. Kijana hakuwa na zawadi ya kumpa. Akambembeleza mwenye baa wa wakati ule mpaka akakubali kuiita baa "Kipusa", naye akaliandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, siku nne nzima juu ya ngazi. Akashuka, akangoja kusifiwa.

Masikini! Wiki haikuisha, mtaa ukachafuka. "Jana nimelewa kwa Kipusa." "Mume wangu hatoki kwa Kipusa!" "Kipusa amenimalizia mshahara." Fundi cherehani nusura ameze sindano. Adhuhuri moja binti mwenyewe alikuja, tepu ya kupimia shingoni, akasimama mbele ya baa na kusema neno moja tu: "Futa." Kabla jua halijazama pakawa peupe. Mwezi uliofuata binti alikubali kuolewa naye, kwa sharti kwamba jina lake na ile baa visitajwe pamoja tena. Mzee Rangi alilishika sharti hilo miaka yote.

Sasa aliandika la tano hadi la tisa, na nafasi ya nne akairuka. Siku tatu ikakaa wazi kama pengo la jino.

"Mzee, kesho nafungua," dada akamwambia. "Kama hulikumbuki, sema, niwaite wale wa kuchapisha waje wabandike karatasi ukuta mzima."

"Nalikumbuka, mwanangu. Lakini lina mwenyewe. Sina budi kuomba."

Nyumbani alikunywa chai vikombe vitatu ndipo maneno yakamtoka. Mkewe alisimamisha cherehani. Alivaa viatu, akatoka, mumewe nyuma yake akitembea na roho mkononi, mpaka wakafika kwenye baa ambayo bibi huyo hakuwahi kuingia ndani yake. Kinyozi akavua kofia.

Alisoma ukuta kuanzia juu, akafika penye pengo.

"Nilikuja nikakwambia futa," alisema.

"Ulisema, mke wangu."

"Na wewe ukafuta."

"Papo hapo! Sikuchelewa hata dakika."

"Ndilo hilo!" Sauti ilimpanda. "Miaka arobaini hilo ndilo linaloniuma! Mimi nilikuja na hasira za baba, hazikuwa zangu. Nilidhani utabisha kidogo. Japo useme, Kipusa, nimelihangaikia siku nne. Wapi! Ulichovya brashi ukapaka, nami nimesimama naangalia jina zuri vile linapotea, na kulia mbele za wanaume siwezi."

Utii aliojivunia Mzee Rangi maisha yake yote, kumbe ndio kosa lenyewe.

"Nilidhani ndiyo mapenzi," alisema kwa sauti ndogo.

"Yalikuwa mapenzi. Ningekubali kuolewa na mjinga kwa sababu gani nyingine?"

Baa ililipuka kwa kicheko, mwashi akapaliwa tena. Bibi alivuta kiti, akakaa katikati kabisa, akaagiza soda.

"Andika. Nyekundu na dhahabu, kama zamani. Na leo nikikwambia futa, kataa."

Mzee Rangi alipanda ngazi. Kwa furaha aliyokuwa nayo, herufi ya kwanza ikamtoka upande.

"Imepinda hiyo," mkewe akasema kutoka kitini. "Futa."

Kinyozi akainuka kitini aone vizuri.

"Sifuti," alisema Mzee Rangi, akaendelea na herufi ya pili.